Nilivunja Mkono wa Bakoki Wangu kwa Deni la Kadi

Shilingi elfu tisini na tatu na mia nne. Ng'ombe mtamba mmoja. Meno mawili ya mbele, yangu. Mkono mmoja wa kulia, ambao haukuwa wangu.

Hiyo ndiyo gharama ya mkasa huu, wasomaji wenzangu. Nimeijumlisha mara mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, na haipungui. Na mimi ni mtu wa kupunguza! Nyanya napunguza, kodi ya nyumba napunguza... Hii tu imenikatalia.

Naitwa Simiyu. Nina umri wa miaka ishirini na tisa, na ninauza magunia ya mtumba katika soko la Bungoma. Mambo haya yalianza nikiwa na miaka ishirini na tatu, Kitale, nikiwa mtunza stoo katika duka la vifaa vya ujenzi. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Mabati, misumari, mifuko ya simiti. Nilihesabu vikiingia, nikahesabu vikitoka. Mwenye duka alinipenda kwa sababu stoo yangu haikuwahi kukosa hata kitasa. Mshahara ulikuwa elfu nane na mia tano, nao ulipitia benki.

Nilikaa chumba kimoja na Wanjala. Wanjala alikuwa mbeba magunia katika maghala ya mahindi, na jinsi alivyokuwa na nguvu! Gunia la kilo tisini alilitupa begani peke yake, kwa mkono wa kulia, kisha anawauliza wenzake, "Hili mmelijaza pamba?" Watu waliweka dau, na yeye akala pesa zao.

Lakini hakuwa rafiki yangu tu. Alikuwa bakoki wangu. Kwetu Bukusu, mliotahiriwa msimu mmoja ni bakoki, na huo ni undugu wa aina yake. Rafiki ukimtusi anaweza kununa. Bakoki anakutusi mbele ya mke wako na unacheka, na siku akiacha kukutusi ndipo ujue kuna ubaya. Anaweza kuingia kwako akachukua jogoo akachinja, na huna pa kumshtaki. Mimi mwenyewe nilikula jogoo wa Wanjala. Tena nilivaa shati lake la Krismasi hadi likaisha kola. Hakusema neno, alinitusi tu.

Kumbukeni jogoo huyo na shati hilo. Vitarudi.

Siku moja kijana wa benki aliingia dukani amevaa tai, na fomu kwapani. Akaniambia kwa mshahara wangu nafaa kupewa kadi ya mkopo. Nilimwambia sitaki deni. Akacheka kana kwamba nimemwambia naogopa kuku.

"Hii si deni, bosi. Hii ni uwezo."

Basi nikaanza kupatana naye. Ada ya mwaka wa kwanza nikaishusha hadi sufuri. Nikadai mwavuli. Nikadai na kofia mbili. Alipotoka jasho likimtoka, nilijiona mjanja wa Kitale nzima! Nilipatana juu ya mwavuli, wasomaji... juu ya riba sikuuliza.

Kadi ilikuja na kikomo cha elfu arobaini. Niliambiwa nichague namba ya siri ya tarakimu nne, namba ambayo sitaisahau. Ni namba gani ambayo mwanamume wa Kibukusu hasahau? Nikaweka mwaka niliotahiriwa.

Nilidhani ni siri! Siri gani? Kijiji kizima kilikuwepo asubuhi ile. Waliimba, walirusha vumbi, wajomba walinitukana hadi mtoni na kunirudisha. Na aliyesimama kando yangu, uchi kama mimi na amepakwa matope kama mimi, alikuwa nani? Wanjala.

Nikaanza kutumia. Simu ya kukunja, elfu tisa na mia mbili. Viatu, elfu mbili na mia nane. Nyama choma na soda za watu ambao hata majina yao sikuyajua, kama elfu tano. Niliona raha kuitoa ile kadi mbele ya wasichana wa supamaketi. Pesa taslimu nilihesabu mara mbili, lakini kadi utaihesabu vipi? Ni moja tu! Kila nilipoitumia niliirudisha ndani ya Biblia yangu, juu ya kabati, nikalala.

Barua za benki zilikuja kupitia sanduku la posta la duka. Zile bahasha zenye kidirisha. Sikuzifungua. Nilizitia katika katoni chini ya kitanda nikisema nitazisoma Jumapili... Jumapili ngapi zilipita? Sikuhesabu hizo.

Baada ya miezi kama saba kadi ilikataa. Nilikuwa supamaketi na lita mbili za mafuta na sabuni, na foleni nyuma yangu. Msichana wa keshia akaipitisha mara mbili. Akasema kwa sauti, ili na wa mlangoni wasikie, kwamba kadi haina kitu. Nikaacha mafuta pale. Kesho yake benki walinieleza kwamba nimefika kikomo, na malipo ya miezi mitatu yamechelewa, nilete elfu kumi na tano haraka. Mimi nilidhani ni nyama choma ile. Niliona aibu kuuliza zaidi. Aibu hiyo, wasomaji, ndiyo iliyonigharimu kuliko riba!

Nikaenda kwa Mama Kadi.

Mjini Kitale wakati huo walimu na makarani wengi walimjua. Alikuwa karani mstaafu, mama mnene mpole, anauza mayai. Ukitaka pesa, unampa kadi yako ya mshahara pamoja na namba ya siri. Hakutaka shamba wala televisheni. Mwisho wa mwezi alisimama kwenye mashine ya benki na kibunda cha kadi za watu alichofunga kwa raba, na daftari la shule lenye namba zote za siri. Anatoa mshahara wako, anakata chake, anakurudishia cha kula. Watu walipanga mstari nje wakimsubiri kama watoto wanaongoja uji. Nami nikaingia kwenye mstari huo kwa miguu yangu.

Nilichukua elfu kumi na tano nikawapelekea benki. Mwezi wa kwanza Mama Kadi alikata elfu saba, akanipa elfu moja na mia tano. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, wa nne. Elfu ishirini na nane! Nikamwuliza kwa heshima, "Mama, si tumemalizana?" Akafungua daftari, akalamba kidole, akasema bado elfu tisa. Nikamwomba apunguze. Akaniambia, "Mwanangu, bei ya yai ndiyo tunapunguza."

Na benki huko nyuma sikuwa nimewalipa tena hata senti. Ningetoa wapi? Wanjala wakati huo alikuwa amesharudi kwao Naitiri. Aliniaga kwa haraka, ati amekodi ekari mbili za mahindi. Nilibaki na kodi ya chumba peke yangu.

Hapo nikafanya ujanja. Nilimwomba mwenye duka mshahara wa mwezi ule anilipe mkononi. Mama Kadi akatia kadi yangu kwenye mashine, ikamwambia hakuna pesa. Nilicheka peke yangu stooni.

Nilicheka siku nne tu.

Siku ya soko nilitumwa katika soko la Kwanza kupeleka mabati kwa mteja. Nilikuwa nahesabu bati la kumi na nane nilipopigwa nyuma ya sikio na kitu kizito. Nilipoanguka niliona gambuti. Walikuwa wanaume wawili wa Mama Kadi, na yule mwenye gambuti alinikanyaga mdomo kama mtu anayezima sigara. Nilisikia meno yakivunjika. Si maumivu, nilisikia mlio! Kama kukanyaga kokoto.

Nikajaribu kukimbia. Ndipo yule mwingine akapiga kelele neno moja ambalo sokoni linaua.

"Mwizi!"

Wasomaji, mmewahi kuitiwa hilo neno? Watu ambao dakika moja kabla waliniuliza bei ya bati waliokota mawe. Mtu alinipiga kwa mwiko wa ugali. Mwingine kwa mzani wake mwenyewe! Niliviringika kati ya viroba vya maharage nikiwa nimefunika kichwa, damu ikinijaa kooni, na nilisikia mtu akiuliza kiberiti kiko wapi. Kiberiti! Nilimwita mama yangu, aliyekufa nikiwa darasa la tano.

Aliyeniokoa ni mama mmoja muuza maharage ambaye sijui jina lake hadi leo. Alinikalia. Ndiyo, alinikalia mgongoni na uzito wake wote, akapaza sauti, "Mnanimwagia maharage! Ameiba nini huyu? Semeni, ameiba nini?"

Wote wakamgeukia yule aliyeita mwizi. Naye kwa hasira akasema ukweli.

"Ameiba mshahara wake!"

Mtu akacheka. Mwingine akauliza, "Mshahara wake mwenyewe? Ameuibaje?" Soko zima likaangua kicheko, na mawe yakaanguka chini moja moja. Kicheko hicho ndicho uhai wangu. Watu wa Mama Kadi waliondoka na simu yangu ya kukunja, na siku hiyo deni lao likaisha. Kwa daktari nililipa elfu moja na mia nne. Nililipia mapengo.

Juma lililofuata, mdomo umevimba kama wa mpiga tarumbeta, nilienda benki. Sasa sikuwa na aibu tena, aibu ilibaki Kwanza pamoja na meno. Nikawaambia nataka orodha ya kila shilingi. Karani akanichapishia kurasa tatu.

Nilizisoma mara moja. Nikazisoma tena.

Mara tisa pesa zilikuwa zimetolewa kwenye mashine. Elfu mbili, elfu tatu, mara moja elfu nne. Jumla elfu ishirini na tatu. Zote zilitolewa Jumamosi, na zote Bungoma. Mimi Jumamosi nilikuwa Kitale, stooni, kila moja ya hizo Jumamosi, na vitabu vya stoo vilikuwa na sahihi yangu! Na ni nani aliyekuwa akienda Bungoma na kwao kila Jumamosi, na kurudi Jumapili? Ni nani aliyejua Biblia yangu iko wapi? Ni nani mwingine duniani mwenye namba yangu ya siri moyoni kwa sababu ni yake pia?

Sikulia. Ingekuwa heri ningelia. Kitu kilishuka ndani yangu kikatulia, kama maji kabla ya kuchemka.

Nilifika Naitiri saa tisa mchana. Walikuwa wakipura mahindi. Mnajua inavyofanywa: mahindi yanatiwa ndani ya gunia, na watu wanalipiga kwa fimbo hadi punje ziachane na magunzi. Wanjala alikuwa kifua wazi, anapiga kwa ule mkono wake. Mama yake alikuwa anapepeta. Aliponiona aliweka ungo chini, akafurahi, "Simiyu! Nani amekutoa meno, mwanangu?"

Nilimwonyesha Wanjala zile kurasa tatu.

Alizitazama. Kisha... akatabasamu! Tabasamu la mtu aliyefumaniwa akilamba sukari. Akasema alitaka kunirudishia baada ya mavuno. Akasema mvua ya mawe imepiga ekari zote mbili na yaliyobaki ndiyo hayo magunia manne. Na akasema, "Bana, bakoki haibi. Bakoki anachukua. Si wewe ulichukua jogoo wangu? Si ulivaa shati langu la Krismasi? Mimi nilikushtaki wapi?"

Jogoo! Mimi nimekanyagwa uso Kwanza, nimeombewa kiberiti, na huyu ananitajia jogoo!

Fimbo ya kupuria ilikuwa imeegemea gunia. Niliichukua.

Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili aliinua mkono kujikinga, ule mkono wa kulia, na fimbo ikatua juu ya kiwiko. Nilisikia mlio ule ule. Ule wa kokoto! Ningeacha hapo, ningekuwa binadamu. Sikuacha. Alianguka juu ya mahindi nami nikaendelea, nikimpura mkono ule ule, nikihesabu kwa sauti. Ndiyo, nilihesabu! Elfu tatu! Elfu mbili! Elfu tatu tena! Kila pigo na Jumamosi yake. Punje za mahindi zikawa nyekundu. Mama yake alinishika kiuno akilia, "Umekula kwangu, Simiyu! Umekula kwangu! Lakini umekuwa nini?" Nilimsukuma, akaangukia ungo.

Majirani walinifikia kwenye pigo la saba. Walinifunga kwa kamba ya ng'ombe na kunipa kipigo changu, na sasa sikujikinga. Jino la tatu lilicheza lakini halikutoka. Naibu chifu alikuja, nikapelekwa seli ya Bungoma nikiwa sina kiatu kimoja. Wanjala alibebwa juu ya mlango uliong'olewa hadi hospitali ya misheni.

Seli haina cha kuhesabu isipokuwa watu na chawa. Nilipomaliza hao nikaanza tena kuhesabu deni. Kadi: elfu arobaini. Za Wanjala: elfu ishirini na tatu. Zilizobaki?

Elfu kumi na saba. Zangu.

Simu ya kukunja. Viatu. Nyama ya watu nisiowajua. Na miezi saba ya barua nisizofungua, ambazo moja tu, wasomaji, bahasha moja tu ya mwezi wa kwanza ingenionyesha Jumamosi ya kwanza! Na Mama Kadi nilimtafuta mwenyewe. Nilimpiga mtu kwa deni lote, na karibu nusu yake lilikuwa langu. Mimi ninayehesabu misumari mara mbili, mwenyewe sikuwa nimejihesabu hata mara moja.

Nilikaa seli siku tano. Wazee wa koo zetu mbili walikubaliana kesi isifike mahakamani. Baba yangu alitoa mtamba, ng'ombe aliyemwekea mdogo wangu kwa karo. Bili ya hospitali, elfu kumi na tisa, ikawa juu yangu. Na zile elfu ishirini na tatu zikafutwa, ati zimezama ndani ya mkono. Mkono wa Wanjala ulipona ukiwa umekunjika. Haunyooki na hauinuki kupita bega. Mbeba magunia! Tangu siku ile hatukusemezana.

Kazi Kitale ilikwisha. Barua za wakili wa benki zilinifuata hadi Bungoma, na sasa nilizifungua zote. Kwa riba na faini, deni lilikuwa limefika elfu sitini na moja na mia tano. Jina langu lilikuwa limeandikwa katika orodha ya wasiolipa madeni, na kila nilipojaribu kukopa hata ya mkokoteni niliambiwa nirudi kesho. Nilikodi mkokoteni wa mtu, nikasukuma, nikalala kwenye ghala la magunia. Nikajifunza kununua gunia lililotoboka, kulishona na kuliuza kama bikira.

Siku nilipoenda kwa yule wakili niliketi mbele ya karani mwenye miwani nikaanza kupatana. Nikataja elfu thelathini. Alicheka hadi akavua miwani. Nikamwonyesha mapengo, nikamwambia haya ni amana. Tulimaliza kwa elfu arobaini na tano, elfu mbili na mia tano kila mwezi, miezi kumi na minane. Na nikadai barua ya kumaliza deni, yenye muhuri, nakala mbili.

Miezi kumi na minane! Kuna mwezi nilikula mahindi ya kuchoma asubuhi na jioni. Kuna mwezi niliuza blanketi. Lakini sikuruka hata mmoja. Nakala moja ya barua ile naiweka ndani ya Biblia, mahali ilipokuwa kadi.

Kisha nikaenda kwenye chama cha akiba cha wafanyabiashara wa soko. Mwenyekiti ni Mama Nafula, muuza omena, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Wewe si yule wa kadi?" akaniuliza mbele ya wanachama wote.

"Ndiye, mama."

"Na si wewe yule wa fimbo ya Naitiri?"

"Ndiye."

"Angalau hudanganyi. Keti pale karibu na mlango. Ukitaka kukimbia usitusumbue."

Chama hiki kina kanuni moja ngumu. Kila mkopo unahitaji wadhamini watatu. Mkopaji akishindwa, akiba ya wadhamini inakatwa, na majina yao yanasomwa wamesimama mbele ya mkutano, kisha wanaanza upya kama waliojiunga jana. Mwaka mzima hakuna aliyekubali kunidhamini. Niliweka akiba tu, mia mbili mia mbili. Mama Nafula ndiye aliyetia sahihi kwanza, kwa mkopo wa elfu mbili. Nilirudisha siku tisa mapema. Jina langu liliposomwa, "Simiyu, amemaliza kabla ya siku," nilitoka nje nikalia nyuma ya choo. Mtu mzima! Jina langu lilikuwa limesomwa na hakuna aliyecheka.

Leo akiba yangu ni elfu thelathini na nane. Mwezi ujao chama kitanipa mara mbili yake, ninunue kibanda changu chenye mlango na kufuli. Miaka mitano imepita. Nilidhani hadithi imeisha.

Juma lililopita nilikuwa nimeinama nashona gunia, nikasikia sauti juu yangu.

"Niaje, wewe pengo."

Niliijua kabla ya kuinua kichwa. Alikuwa Wanjala, amekonda, mkono umekunjwa kifuani kama bawa la kuku.

"Bado unashona vibaya," akasema. "Mjinga wa kadi. Hata sindano inakuonea huruma."

Wasomaji, miaka mitano! Miaka mitano hajanitusi! Nilitaka kumjibu kama zamani, nimwite mwizi wa Jumamosi, nimwite mkono wa sufuria... nikafungua mdomo, nikaanza kulia. Akanitazama nikilia, akasema, "Si unitusi basi, bana. Unanitia wasiwasi."

Nikamwita mwizi wa Jumamosi. Akacheka.

Kisha akatoa fomu mfukoni. Amejiunga na chama chetu tangu mwaka jana, kupitia kikundi cha Naitiri. Mzigo hawezi kubeba tena. Anataka kununua mashine ya mtumba ya kupukuchua mahindi, azunguke nayo mashambani wakati wa mavuno, watu waache fimbo. Wadhamini wawili amepata, mama yake na dada yake. Wa tatu hana. Mkopo anaoomba ni elfu ishirini na tatu.

Nilimwangalia nione kama anatania. Hakuwa hata ametambua kwamba ni kiasi kile kile.

Vijana wenzangu mnaosoma haya, nawasihi. Kadi ukipewa, ihesabu kama pesa, kwa sababu ni pesa, tena si zako. Barua ya benki ifungue siku ile ile. Kadi ya mshahara usimpe mtu, awe anauza mayai au anauza dhahabu. Namba ya siri isiwe mwaka wa jambo ambalo kijiji kizima kilishuhudia. Na ukishika fimbo, kwanza hesabu makosa yako ni mangapi! Deni la benki nililipa kwa miezi kumi na minane. Ule mkono nitaulipa kwa mwezi gani?

Lakini sasa ni mimi ninayehitaji ushauri. Nikitia sahihi, akiba yangu itashikwa kama dhamana na kibanda changu kitangoja mwaka mwingine, na akishindwa, akiba yangu itakatwa, nitasimama mbele ya Mama Nafula jina langu lisomwe, nirudi kuketi karibu na mlango. Jina hili nimelijenga shilingi kwa shilingi, na aliyelibomoa mara ya kwanza ndiye anayeniomba! Nisipotia sahihi... nitamtazama vipi mtu anayevaa shati kwa mkono mmoja?

Nimemwomba anipe muda hadi mkutano wa mwisho wa mwezi ujao. Fomu iko hapa juu ya gunia ninapoandika. Nimeisoma mara mbili. Jina lake ameliandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku kama za mtoto wa darasa la kwanza. Chini yake kuna mstari wa mdhamini wa tatu, mtupu.

Niandikieni. Nitie sahihi au nisitie?